Kigari cha mbwa cha laki na ishirini: nyota nne, ya tano nimeizuia

Haya, nyie mnaonisimamisha njiani kuniuliza kile kigari cha Guta, mbwa wangu aliyepooza miguu ya nyuma, nimekinunua wapi, sijanunua popote, nimetengenezesha hapahapa Mtwara kwa fundi wa kuchomelea huku Magomeni. Jumla imenitoka laki na ishirini, yani elfu 35 ya kigari cha kwanza kilichokufa siku ya nne na elfu 85 ya hiki mnachokiona mtaani. Jina la fundi sitaji, mwenyewe kaniomba, anasema dada ukinitaja watu watanijazia mbwa gereji nishindwe kuchomelea mageti.

Naandika kwa sababu juzi kuna mtu yuko Lindi, Mitwero, mbwa wake kapooza miguu ya nyuma, ananiambia nikipata kigari kama cha Guta wako nimemaliza shida. Hujamaliza. Kigari ni kizuri na nitakisifia hapa, ila kwa siku Guta anakaa kwenye kigari saa moja, masaa 23 yaliyobaki kigari kimening'inia ukutani na mbwa ni wako.

Guta ni jike, mbwa wetu wa kienyeji, rangi ya mchanga, kilo 13. Huo uzito niliupata kwa kupanda mzani nimembeba halafu nikatoa wangu, ambao sitautaja. Mwezi wa tano jioni nilikuwa natoka Mikindani na bajaji, tukakuta vijana wamesimama pembeni ya lami wanaangalia mbwa anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma inamfuata tu kama kanga iliyolowa. Wanasema bodaboda imempitia ikaenda zake. Dereva wa bajaji hataki kumpakia, nikaongeza elfu tatu, akataka na gunia la kumlazia, gunia likatoka genge la jirani. Nikamfunga mdomo na mtandio wangu, maana mbwa mwenye maumivu anang'ata hata kama si tabia yake, nikamtelezesha kwenye kipande cha mbao mgongo usipinde. Hilo la mbao sikulijua, kijana mmoja pale ndo alisema, kumbe baba yake mpiga mbuzi dawa.

Kesho yake daktari wa mifugo akaja nyumbani. Nilidhani ataanza na mgongo. Akaanza kuuliza kuna mtu kang'atwa? kuna mtu kashika mate yake ana kidonda mkononi? Nikamwambia doktari huyu kagongwa. Akaniuliza uliona anagongwa? Sikuona, niliambiwa. Bas akavaa glovu mbili mbili akanieleza kichaa cha mbwa kina sura mbili, hiyo ya kukimbia hovyo na kung'ata ambayo kila mtu anaijua, na ile ya kimyakimya, mbwa anapooza tu, taya linalegea, mate yanachuruzika, watu wanafikiri kakwamwa na mfupa wanamtia mkono mdomoni. Nilihisi baridi, maana jana yake nilikuwa nampangusa mdomo na ile mtandio. Kwa bahati alikuwa na michubuko mibichi ya lami ubavuni, taya linafunga vizuri na maji anameza, ila bado akaniambia siku kumi akae peke yake, asiguswe na mtoto, siku ya kumi na moja akamchanja. Huku kusini tulishakuwa kwenye mradi wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ile miaka ya kuanzia 2010, mbwa wanachanjwa mpaka vijijini, nadhani ndo maana wengi tumejisahau. Mnaookota mbwa njiani muanzie hapo kabla ya mambo ya huruma.

Sasa mgongo. Hii ndo sehemu naikumbuka vizuri kuliko zote. Doktari akachukua kikoleo akambana kidole cha mguu wa nyuma, mguu ukajikunja. Mi nikaruka, anasikia! Akasema dada usiangalie mguu, angalia uso wake. Akabana tena, safari hii kwa nguvu mpaka mi mwenyewe nikakunja vidole vyangu. Mguu ukajikunja tena, na Guta kichwa kakigeuzia mlangoni anamwangalia kuku wa jirani. Hakugeuka, hakulia, masikio yako kwa kuku. Akabana kidole cha mguu wa mbele, hapo tukaona meno yote. Akasema umeona, ule mguu unajikunja wenyewe kwa sababu mishipa ya chini inajibizana hukohuko chini, habari haipandi kichwani, palipokatika hapapitishi.

Nikamuuliza picha ya eksirei je, akasema kama nina uwezo nimpeleke SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kwenye hospitali yao ya wanyama, lakini mbwa aliyevunjika mgongo na hasikii kidole kikibanwa, nafasi ya kutembea tena ni ndogo sana hata picha ikiwa nzuri vipi, hiyo nauli niibakize kwenye dawa na pampas. Akaniambia kuna njia mbili, kumchoma sindano alale moja kwa moja au kumlea hivyohivyo, na yoyote nitakayochagua hatanisema. Nilimpenda kwa hilo. Sikutaka mtu wa kunilazimisha na sikutaka mtu wa kunipa moyo wa uongo. Akaacha sindano ya maumivu na onyo moja, nisimpe vidonge vya binadamu. Na kweli jioni jirani kaja na diklofenaki zake, kwa nia njema kabisa, hizo zinamtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, nikazipokea nikazitupa chooni.

Mwanzoni sikumpa jina kwa sababu nilijua atakufa. Jina walimpa watoto baadae alipopata magurudumu, Guta, kama yale ya kubebea mizigo, likakaa.

Kabla ya fundi niliangalia mtandaoni. Marekani wanavyo vya kiwandani, Walkin' Wheels kwa mfano, fremu ya alumini, unarefusha unafupisha unavyotaka, kinakunjwa kama kiti. Kizuri mno. Bei ni dola mia kadhaa, kabla ya usafiri na ushuru. Mi nina kibanda cha stesheneri Chikongola, natoa fotokopi, kwahiyo tuliachana nacho kwa amani.

Fundi nilimkuta mwezi wa saba na hapo nilikosea msimu. Mwezi wa saba ni mikorosho, watu wote wanamletea mashine za kupulizia salfa, bomba limepasuka, stendi imekatika, hana muda na mbwa wa mtu. Wiki mbili nakwenda nakaa kwenye benchi. Mwisho akasema nitakutengenezea cha plastiki leoleo hicho hakihitaji moto, ukakijaribu. Ndo kile cha elfu 35. Mabomba ya maji ya robo tatu, elbo na tii, gundi, na vitairi vya kigari cha kusukumia mtoto. Kwenye sakafu ya gereji kilipendeza. Nyumbani kwangu uani ni mchanga mtupu, na nyie mnaujua mchanga wa mji huu, vile vitairi vikazama kama sindano, Guta anavuta, kigari hakiji, siku ya nne tii moja ikakatika katikati. Sisemi cha plastiki hakifai. Mbwa mdogo wa kilo tano sita anayeishi kwenye marumaru kinamtosha na ni chepesi. Mbwa wa mchangani hapana.

Cha pili ndo hiki. Skwea paipu nyembamba ya nusu inchi, ringi mbili za baiskeli ya mtoto inchi 12 zenye beringi zake, tairi nene. Pa kukalia pameshonwa na fundi viatu kwa turubai lililowekwa sponji ndani, matundu mawili miguu ya nyuma inapita, kama kaptula. Kifuani na mgongoni mikanda ya begi la shule na klipu zake. Miguu ya nyuma isiburuzike inaning'inizwa kwenye vipande vya tyubu ya baiskeli, hii ilikuwa akili ya fundi mwenyewe, tyubu inavutika kwahiyo mguu unacheza kidogo haukazwi.

Vipimo. Shemeji alimshika Guta kiunoni asimame kama mbwa mzima, mi nikapima na futi ya cherehani. Toka chini mpaka kinenani, hicho ndo kimo, ukikosea hapo umekosea yote. Upana wa nyonga, ongeza vidole viwili kila upande. Toka nyuma ya bega mpaka mzizi wa mkia. Na uzito. Fundi yeye aliandika kwa chaki kwenye geti la mtu alilokuwa analipiga rangi, nadhani mwenye geti ana vipimo vya mbwa wangu nyumbani kwake mpaka leo.

Sasa kuna kitu kilitokea siku ya kukijaribu. Tukamfunga Guta, akasimama, watoto wakapiga makofi, akatembea hatua kama kumi halafu akaanza kuhema na kushusha kichwa. Tukasema labda kachoka, labda hajazoea. Pembeni pale alikuwepo mteja mwingine, mzee mmoja mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ile ya kuzungusha kwa mikono, miguu yake haifanyi kazi toka utotoni, anasubiri cheni. Alikuwa kimya muda wote. Akasema fundi, huyo umemtwisha mzigo mabegani, sogeza ekseli. Fundi akabisha. Mzee akasema mi nina miaka thelathini kwenye hii kitu, mabega nayajua, sogeza.

Fundi akatoboa matundu mengine, akasogeza ekseli mbele, akasogeza kwa hasira nadhani, maana ilipitiliza na Guta akanyanyuka miguu ya mbele hewani kama bodaboda wa Sabasaba anapiga wilii. Watoto nusu wafe kwa kucheka. Akarudisha tundu moja nyuma. Hapo sasa. Ukishika mkanda wa mgongoni kwa kidole kimoja unausikia mwepesi, ameegemea kidogo tu mbele, akaanza kutembea, halafu akakimbia. Alikuwa hajakimbia miezi miwili na nusu. Alikwenda moja kwa moja kwa kuku.

Nikamshukuru yule mzee, akasema shukrani baadae mwambie fundi amalizie cheni yangu kwanza.

Namtaja huyu mzee kwa sababu kuna maneno nimeambiwa na bado nitaambiwa, binadamu wenyewe walemavu hawana baiskeli we unamtengenezea mbwa. Alishaniambia mtu dukani kwangu mbele ya wateja. Sina jibu la kumfunga mtu mdomo, ni kweli baiskeli hizo watu hawana, ni kweli laki na ishirini ni hela. Ila wanaosema hivyo sijamwona hata mmoja amebeba baiskeli kupeleka kwa mtu, na aliyenisaidia kigari kikae sawa ni mwenye baiskeli.

Uzuri wa kigari uko wazi, mmemwona mtaani, sina haja ya kurefusha. Nilimpeleka Shangani ufukweni mara tatu. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, ule mchanga mgumu wenye unyevu tairi linateleza kama lami, akina mama wanaotafuta pweza waliacha kazi wakasimama kumwangalia. Mchanga mkavu wa juu hata hizi tairi nene zinazama, akilazimisha anachoka vibaya. Na mkirudi mkioshe kwa maji yasiyo na chumvi, mkikaushe, muweke grisi kwenye beringi, mi mara ya kwanza sikuosha na asubuhi ringi zinalia kama mlango wa stoo.

Siku ya kwanza dakika tano tu. Kisha kumi. Sasa hivi ni nusu saa asubuhi nusu saa jioni. Usimwache peke yake kwenye kigari hata kidogo, hawezi kujilaza humo, na hawezi kurudi nyuma vizuri, Guta alishakwama kwenye kona ya choo kama lori la mizigo, siku nyingine akapinduka kwenye mtaro wa maji ya mvua magurudumu juu. Hakuumia. Alinitazama kama vile mi ndo niliyemsukuma.

Nyota ya tano ilipokwenda. Fundi alivyochomelea pete za chini ya turubai aliacha ncha. Vinundu vya moto, vile vikavu, vikali kama mwiba wa samaki. Kwa mbwa mwingine usingekuwa mjadala, angelia siku ya kwanza. Guta chini ya kiuno hasikii chochote, mnanielewa? Alikimbia nusu saa anafurahi, mi nafurahi, namvua naona damu turubai zima, kinenani kumechanika urefu wa kidole. Kidonda kile kilichukua wiki tano kupona kwa sababu kiko palepale mkojo unapopita. Niliosha na maji ya chumvi, nikapaka asali kama alivyonielekeza doktari, nikafunga. Nilirudi kwa fundi na turubai lenye damu nikamwekea kwenye meza yake. Grenda iko pale. Tupa iko pale. Dakika mbili tu. Alisikitika kweli, akasaga pete zote akazizungushia tyubu bila kunidai hata mia, lakini nyota sirudishi. Na rangi nayo aliweka mkono mmoja tu, miezi miwili kutu, hewa ya chumvi hii haikusamehe.

Sasa yale masaa 23, na hapa ndo nataka yule ndugu wa Mitwero asome polepole.

Mbwa aliyepooza hivi hawezi kukojoa mwenyewe. Ule mkojo unaouona unadondoka si kwamba anakojoa, ni kibofu kimejaa kinafurika. Lazima umkamue, kwa mikono yako, mara tatu mpaka nne kwa siku, kila siku, Idi, msiba, mvua. Mi nafanya saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa saba mchana nafunga duka narudi, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Siku za kwanza nilikuwa siwezi. Doktari alinishika mikono akaiweka huku na huku tumboni, karibu na miguu ya nyuma, akaniambia tafuta puto lenye maji. Nilikuwa natafuta napata mavi, napata sijui nini. Siku ya tatu nikalishika, dogo la mviringo kama chungwa, linateleza ukilifuata. Hulibani kwa vidole. Unalikumbatia kwa viganja, unasukuma taratibu kuelekea mkiani, unasubiri, unasukuma, mpaka ghafla linaachia na mkojo unatoka mfululizo kama bomba. Ukiona umekuwa matone na puto limesinyaa, umemaliza. Ukiacha nusu ndani unaoza, majike ndo wanapata maambukizi haraka. Guta kashapata mara mbili. Mkojo unakuwa na ukungu kama maji ya mchele na harufu inakusalimia mlangoni, hapo ni dawa za antibayotiki, na hizo umpigie doktari akuambie dozi, usijinunulie. Ukiacha kibofu kinajaa siku nzima siku nzima kinavutika, kinalegea, na mkojo unarudi juu kwenye figo. Hao mbwa wengi hawafi kwa mgongo, wanakufa kwa mkojo.

Halafu ngozi. Mkojo unaunguza. Kila ukimkamua unamwosha, unamkausha, unampaka vaselini. Usiku namvalisha pampas ya mtoto saizi ya tano, nimetoboa tundu la mkia, nikiivalisha nyuma mbele inakaa vizuri zaidi, msiniulize kwanini. Mchana hana pampas, joto letu hili linamletea vipele. Analala kwenye godoro la sponji lililofunikwa nailoni na shuka kuukuu, kila masaa manne au zaidi kidogo namgeuza ubavu, maana hawezi kujigeuza nyuma na mfupa wa nyonga unachimba kidonda. Uani sijaruhusu ajivute kwenye sementi, inasaga vidole mpaka mfupa na yeye hana habari. Nimemtandikia mikeka mikuukuu ya ukindu.

Kwetu sisi Waislamu kuna na lile jingine, la najisi ya mbwa. Nina dera moja la kazi hiyo tu, glovu, na kopo la udongo safi wa kujitwaharishia kando ya bomba uani, anayejua anajua. Ndani haingii, banda lake liko barazani nyuma. Mama hajamgusa mpaka leo na hatamgusa, siku ya kwanza alisema Mtume! akafunga mlango wa uani siku mbili. Ila saa saba nikichelewa dukani kwa sababu ya mtu na kurasa zake mia za ripoti, simu inaita, napokea, anasema tu mbwa wako hajakamuliwa, anakata.

Kuna siku nilikwenda Newala msibani nikalala. Nilimfundisha mdogo wangu wiki nzima kabla. Akaweza mara moja, ya pili akashindwa, usiku ananipigia analia anasema puto halionekani. Nilirudi na basi la alfajiri. Sasa hivi anaweza, lakini toka siku hiyo sijalala nje ya Mtwara, na harusi ya Masasi mwezi wa kumi nilikwenda asubuhi nikarudi jioni na sahani ya pilau mapajani.

Kwahiyo kama unataka kuokoa mbwa mwenye shida na huna mtu nyumbani mchana, ushauri wangu usianze na aliyepooza. Wapo wengi wenye shida nyepesi. Wa miguu mitatu hataki kigari wala nini, ndani ya mwezi anakimbia kuliko wenzake, mzuie tu asinenepe. Kipofu ni vilevile, usimhamishie hamishie vitu, sema kabla hujamgusa, bas. Na wale majike na madume wa mtaani wenye uvimbe unaotoka damu sehemu za siri, ambao watu wanawapiga mawe kwa kinyaa, ule ni ugonjwa wanaoambukizana wakipandana na kwa wengi unatibika, sindano ya vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki nne mpaka sita na uvimbe unasinyaa unaisha. Lazima iwe doktari, ile dawa ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama. Ukimaliza unamfunga kizazi, una mbwa mzima. Ningejua hayo mwezi wa tano sijui kama ningemwacha Guta njiani, nadhani nisingemwacha, ila ningeanza nikijua.

Hesabu ya mwezi kwangu mimi, pampas, vaselini, glovu, sabuni, dagaa wa kuchanganya na ugali wake, inacheza elfu 40 mpaka 50, mwezi wa maambukizi inapanda. Kigari chenyewe toka kitengenezwe nimebadilisha tyubu moja na klipu mbili.

Ndugu wa Mitwero, ukija kwa fundi usije mwezi wa sita wala wa saba. Njoo na vipimo vyote vinne vimeandikwa na turubai lako limeshashonwa, unaokoa hela. Mbwa mwache nyumbani siku ya kwanza, grenda inawatoa roho. Siku ya kuchukua, kabla hujalipa, vua bangili, pitisha kidole chako mwenyewe kwenye kila pete na kila kona ndani na nje, taratibu, kama unatafuta mwiba kwenye samaki wa mtoto. Kikikukwaruza wewe, mrudishie asage.

Na ukimkuta mzee wa baiskeli pale kwenye benchi, muulize kuhusu ekseli.